Patterson-Greenfield: Ilizidiwa na Ford au Ilikwamishwa na Ubaguzi?

Mwaka 1915, karakana ya magari ya farasi katika mji mdogo wa Greenfield, Ohio, ilitoa gari lake la kwanza la injini, Patterson-Greenfield. Mwenye karakana, Frederick Douglas Patterson, alikuwa Mmarekani mweusi. Baba yake, Charles Richard Patterson, alizaliwa utumwani Virginia mwaka 1833. Hakuna kampuni nyingine ya magari ya zama zile inayojulikana kumilikiwa na weusi. Miaka michache baadaye uundaji ulikoma, na inakadiriwa yalitoka magari 30 hadi 150 tu. Ubishi uliobaki ni wa chanzo cha kukoma huko: ubaguzi au soko?

Wanaosema soko wana hoja nzito. Mwaka 1913 Henry Ford alianza kuunda magari kwenye mstari unaotembea, gari likipita mbele ya wafanyakazi, pale Highland Park, Michigan. Chesisi, yaani fremu ya chini ya gari, iliyokula zaidi ya saa 12 ikawa inakamilika kwa saa moja na nusu hivi. Kufikia mwaka 1915, gari lake la Model T la abiria watano lilikuwa limeshuka hadi dola 440. Bei zinazotajwa za Patterson-Greenfield ni dola 685 hadi 850.

Pesa hiyo haikuwa ya bure. Mnunuzi alipata injini ya Continental ya silinda nne yenye nguvu za farasi 30, taa za umeme na, kubwa zaidi, stata ya umeme, kifaa cha kuwasha injini bila kutumia mikono. Mwenye Model T alisimama mbele ya gari akazungusha hendeli kwa mkono ili kuwasha injini, na hendeli ikirudi nyuma ghafla ingeweza kumvunja kifundo cha mkono. Ford hakuanza kutoa stata ya umeme hadi 1919. Kwenye tangazo lao, akina Patterson walisema gari lao limekuja kuchukua nafasi ya gari la farasi la familia, na kweli lilikuwa na ule umaridadi wa mafundi waliozoea mbao na ngozi. Lakini tofauti ile ya bei ilikuwa zaidi ya nusu ya Model T nzima. Isitoshe, injini yenyewe walinunua kwa wengine, kama walivyofanya waundaji wadogo wengi wa wakati huo. Kampuni za wadogo hao, wengi wao wazungu, zilikufa kwa mamia. Kwa hiyo kifo cha gari hili kinaelezeka bila kugusa rangi ya mtu.

Tena hoja ya ubaguzi, ikisemwa kwa pupa, inagonga ukuta. Mwaka 1873 Charles aliingia ubia na mzungu, J. P. Lowe, na mwaka 1893 akanunua sehemu ya mwenzake, biashara ikawa C. R. Patterson & Sons. Ilifika mahali ikawa na wafanyakazi wapatao 50, ikiunda magari ya farasi kama 500 kwa mwaka, yakiwemo ya madaktari wa kwenda kutibu majumbani. Wateja wa magari hayo hawakuwa weusi peke yao. Ukisema wazungu wa Ohio hawakuwa tayari kununua kitu cha Patterson, mauzo ya miongo miwili yanakukatalia.

Hata hivyo, mtazame Ford mwenyewe. Detroit Automobile Company, kampuni yake ya kwanza, ilianzishwa 1899 na kufungwa 1901. Ya pili aliiacha mwaka 1902 baada ya kugombana na wenye fedha, nayo ikaja kuwa kampuni ya magari ya Cadillac. Ya tatu, ya 1903, ilianza na dola 28,000 taslimu, na pesa hizo zilitoka mifukoni mwa watu wengine. Mtu aliyeshindwa mara mbili aliaminiwa mara ya tatu. Nani Marekani ya mwaka 1918 angemkabidhi mtu mweusi mtaji wa jaribio la pili? Hapo ndipo naona ubaguzi ulipouma, na hata mteja angekuwa mwungwana kiasi gani asingeweza kulitibu hilo. Studebaker, kampuni nyingine ya Marekani, nao walitoka kwenye magari ya farasi wakavuka, ila walivuka wakiwa tayari ni matajiri.

Frederick hakung'ang'ania. Kufikia mwaka 1920 kazi ilikuwa imehamia kwenye bodi za mabasi na malori, chini ya jina la Greenfield Bus Body Company. Chesisi na injini zilitoka kwa wakubwa, Ford akiwemo, bodi ikaundwa Greenfield. Watoto wa shule kadhaa za Ohio walisafiri ndani ya kazi ya mikono hiyo. Wanaoihesabu hatua hii kuwa kushindwa siwaelewi: iliipa kampuni karibu miaka 20 zaidi, wakati waundaji wadogo wengi wa magari wa 1915 walikuwa wameshafunga milango.

Kisha ukaja mdororo mkuu wa uchumi. Frederick alifariki mwaka 1932, na katika miaka hiyohiyo bodi za mabasi ya shule zilikuwa zinahama kutoka mbao kwenda chuma, kazi inayotaka mashine za bei kubwa. Mwaka 1938 kampuni ilihamia Gallipolis, mji mwingine wa Ohio, na mwaka 1939 ikafungwa. Safari hii hakukuwa na gari la dola 440 la kulilaumu. Kilichokosekana ni fedha za kununulia mashine, na kwa hilo nawapa upande wa ubaguzi alama nyingi kuliko ninazowapa kwa mwaka 1915.

Mwaka 2021 baba na mwana waliingizwa katika Automotive Hall of Fame, orodha ya heshima ya watu mashuhuri wa sekta ya magari. Hakuna Patterson-Greenfield hata moja inayojulikana kubaki, kwa hiyo wanaotaka kupima ufundi wa mikono ile inabidi waende kwenye magari ya farasi machache yaliyosalia.