Sikuiba Michango ya Harusi, Nilikuwa Naonyesha Tovuti

Najua mmeshaiona ile video. Yule rafiki yangu wa Tabata, ambaye tangu jana usiku namwita "yule mtu" tu, ameirusha kwenye kila grupu alilomo, na chini yake ameandika kwamba katibu wa kamati kadakwa akihamisha michango mchana kweupe. Mchana kweupe gani? Ilikuwa saa moja na nusu usiku. Halafu eti niliruka ukuta. Ukumbi wenyewe uko ghorofa ya pili, jamani. Ningeruka ukuta, haya ningekuwa nayaandika nikiwa Muhimbili, mguu umening'inizwa.

Basi nisikilizeni na mimi, hasira zikiwa bado za moto.

Kikao cha harusi ya binamu yangu, Sinza, kiliitishwa kwa saa kumi na moja jioni. Wa Dar mnajua maana yake. Kufika saa moja, vijana tupo, akina mama wapo, chipsi kuku zimeshaagizwa, mwenyekiti hayupo. Kila baada ya muda anatuma ujumbe wa sauti: "Niko karibu hapo, anzeni kujipanga." Nyuma ya sauti yake unasikia honi za bodaboda na konda anaita Makumbusho. Karibu wapi, mzee? Uko Mwenge, na hapo ulipo hata gurudumu halizunguki.

Mimi ndiye katibu. Yaani nilikuwa. Kikao kilichopita Shangazi alilalamika kwamba bajeti yangu naiandika kwa herufi za sisimizi, kwa hiyo safari hii nikakodi projekta kwa hela yangu mwenyewe (hela ambayo hakuna anayeizungumzia, mmeona hilo?). Bajeti ikapanda ukutani: mpambaji, keki, MC, muziki, vinywaji. Juu kabisa, kwa herufi nene, namba ya simu ya Mama Mhazini, maana michango yote inaingia kwenye laini yake. Ishikeni hiyo laini, mbele ina kazi.

Watu wamechoka. Bando zimekata. Mtoto wa jirani kaanza kuhesabu viti. Ndipo dada mmoja wa upande wa bibi harusi akasema, "Katibu, si una zile tovuti zako za ajabu? Tuwekee hata moja."

Mnaonifuata hapa siku nyingi mnaujua ugonjwa wangu. Napenda tovuti ndogondogo ambazo mtu katengeneza kwa sababu tu kaamka nazo kichwani. Hujisajili, huuziwi kitu, na ukitoka hapo hujafaidika chochote. Kuniambia nionyeshe ni kumwambia fundi cherehani akueleze habari za mteja wake wa mwisho. Nikavuta kiti.

Nikaanza na Pointer Pointer. Unakiweka kishale popote kwenye skrini, unasubiri kidogo, inakuja picha ya mtu kanyoosha kidole palepale kishale kilipo. Ukihamisha, inakuja picha nyingine, kidole kimehama nacho. Mama Mhazini, mtu ambaye huwa hacheki mpaka stakabadhi itoke, alicheka hadi akashika meza.

Nikaenda kwa Neal Agarwal, kijana wa tovuti ya neal.fun. Ana ukurasa wa bahari kuu: unashuka tu, unashuka, na kila kina unakutana na viumbe wanaoishi hapo, mpaka unagusa chini kabisa, Challenger Deep, karibu kilomita 11. Shangazi, ambaye samaki wake ni wa Feri na hanunui kwingine, akawa ananiamrisha: "Shuka. Shuka tena. Huyo analiwa huyo? Shuka."

Nikaweka na ile ya Josh Worth ya mwaka 2014, ambapo Mwezi kaufanya nukta moja tu, pikseli moja, halafu umbali wote wa kutoka kwenye Jua kwenda kwenye sayari kaupima kwa kipimo hichohicho. Unasogeza pembeni, unasogeza, giza tupu, unasogeza, bado giza. Mtu akasema hiyo ndiyo barabara aliyopita mwenyekiti. Ukumbi ukavunjika mbavu. Nilikuwa nimenoga, sikatai.

Kuna kijana wa Kiingereza, Alex Tew, mwaka 2005 alikuwa anaogopa madeni ya chuo, akafungua ukurasa wenye pikseli milioni moja na kuuza kila moja kwa dola moja. Ziliisha zote, na ukurasa upo hadi leo, umejaa vitangazo vya rangirangi kama kanga zilizoanikwa. Nilipowasimulia hiyo, vijana wakataka ajenda ibadilishwe palepale, tuuze pikseli za kadi ya harusi. Mama Mhazini akauliza pikseli ni nini, akaambiwa, akaandika kwenye daftari. Kweli aliandika. Nilimwona.

Halafu Zombo. Hii ipo tangu 1999. Unafungua, vidude vya rangi vinawakawaka, na sauti nzito ya mwanamume inakukaribisha, inakukaribisha tena, inakwambia hapa kila kitu kinawezekana, mwisho ni wewe mwenyewe. Unasubiri hicho kinachowezekana. Hakiji. Anaendelea kukukaribisha. Wajumbe wakapiga kelele kwamba huyo ndiye MC wetu, tena huyu hadai nauli. Mpaka hapo mimi ni shujaa. Kumbukumbu zangu zingeishia hapo ningeshukuru.

Mama Mhazini akainuka, akasema anatoka nje kwenye ngazi kumtumia mpambaji kianzio, kwa kuwa mle ndani mtandao unasuasua. Akaondoka na simu yake. Na mimi, wakati huohuo, nikafungua Hacker Typer.

Kwa wasioijua: ni ukurasa mweusi. Unabonyeza kitufe chochote, chochote kabisa, na maandishi ya kijani ya programu yanamwagika kwenye skrini kama unavamia benki kuu ya nchi fulani. Hakuna unachovamia. Unaweza kubonyeza kwa kiwiko. Ukibonyeza Alt mara tatu kinatokea kisanduku kimeandikwa ACCESS GRANTED, na ukibonyeza Caps Lock mara tatu kinatokea cha ACCESS DENIED. Ndiyo mchezo wote huo.

Nikaujaza ukuta mzima kwa F11. Mtu kazima taa ili ionekane vizuri (yule mtu, nani mwingine). Nikakunja mikono ya shati. Nikaanza kuchapa vidole vyote kumi, uso nimeukaza, mistari ya kijani inashuka, vijana wanaimba "Ingia! Ingia! Ingia!" Nikaona nimalizie kwa madoido. Alt. Alt. Alt.

Mlango ukafunguliwa.

Sasa hapa naomba twende polepole, maana kwenye video panapita haraka na hamuoni nilivyoteseka.

Mama Mhazini kasimama mlangoni, simu mkononi. Mbele yake giza. Ndani ya giza, nyuso za kijani za vijana wanaoimba ingia. Ukutani, kisanduku: ACCESS GRANTED. Na sekunde ileile, nawaapia, ule ujumbe wa muamala wake uliokuwa umekwama kwenye ngazi ukaamua kufika. Simu ikalia: ting.

Akaitazama simu. Laki saba zimetoka. Akautazama ukuta. Akanitazama mimi. Akavitazama vidole vyangu, ambavyo bado vilikuwa juu ya kibodi.

"Katibu," akasema, kwa upole wa kutisha. "Unafanya nini?"

Na mimi, mdomo huu niliopewa na Mungu, nikajibu: "Nawaonyesha vijana jinsi ya kuingia, Mama."

Sikusikia tena kelele kwa muda. Nilisikia feni tu.

Kisha Shangazi akavaa miwani. Msiombe Shangazi avae miwani. Akausogelea ukuta, akaanza kusoma kwa sauti, kidole hewani: "Struct... group... info." Akageuka. "Group info! Hiyo si grupu yetu ya harusi hiyo?" Akarudi ukutani. "Groups... free." Akashika kichwa. "Jamani anazigawa bure!"

Nikakurupuka kufunga. Lakini nimewaambia ukurasa ule unavyofanya kazi. Kila kitufe ninachogusa, mistari mingine inaongezeka. Nabonyeza huku, yanamwagika. Nabonyeza kule, yanamwagika zaidi. Kadiri ninavyojiokoa ndivyo ninavyoonekana nakamilisha kazi. "Mzuieni mikono!" akapiga kelele mtu ambaye nilimlipia nauli ya kuja pale. Kwenye hekaheka, kidole kikaangukia Caps Lock, kikaipiga, kikaipiga, kikaipiga.

ACCESS DENIED.

"IMEKATAAAA!" ukumbi mzima. Mama Mhazini akainua mikono juu: "Alhamdulillah!" Kutoka nyuma ikasikika sauti ya yule mtu, tena akiwa anarekodi: "Jaribu tena, Katibu, usikate tamaa!"

Nikasimama nijieleze. Nikarudi nyuma mpaka nikagusa ukuta, na huo ndio ukuta pekee ulionihusu jana. Tatizo ni kwamba nilijisimamisha mbele ya mwanga wa projekta. Kwa hiyo picha mnayoiona kila mahali, ya mimi nimepanua mikono huku maandishi ya kijani yanapita kwenye paji la uso, ndiyo hapo. Nilikuwa natetea utu wangu.

Nikasema: hii si ya kuiba. Haya maandishi ni kipande cha Linux, programu iliyoanzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991, iko wazi, yeyote duniani anaruhusiwa kuisoma. Nyuso hazikubadilika. Nikaona Finland haijasaidia, nilete mfano wa karibu. Simu ya Mama Mhazini ni ya Android, na Android imejengwa juu ya hiyohiyo Linux. Ni kweli tupu. Mhandisi yeyote atawathibitishia. Nikamgeukia, nikamwambia kwa heshima zote:

"Mama, haya maandishi hata sasa hivi yamo ndani ya simu yako."

Hapo ndipo alipopiga ule ukunga unaousikia kwenye dakika ya mwisho ya video.

"Yamo NDANI YA SIMU YANGU?"

Akaizima. Akaifungua kifuniko. Akatoa laini na kumkabidhi Shangazi, Shangazi akaifunga kwenye pembe ya kanga fundo tatu. Kwa maana hiyo hakukuwa na njia yoyote ya mtu kuangalia salio wala kusoma hizo laki saba zimekwenda kwa nani. Mlinzi akaitwa kutoka getini, akasimama mlangoni na rungu, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ninajua kurudisha namba ya siri iliyosahaulika.

Mengine hayana utamu. Mpambaji akapiga simu ya Shangazi kushukuru kwamba kianzio kimeingia. Watu wakatazamana. Wakacheka, wengine wakaomba radhi huku wakitafuna kuku. Mwenyekiti akafika, akasimuliwa na watu wote kwa wakati mmoja, akaagiza Stoney Tangawizi, kikao kikaanza na kuisha. Azimio la kwanza: ukatibu nimevuliwa "kwa ajili ya utulivu wa akina mama" na nimehamishiwa maegesho ya magari. Hela ya projekta haikujadiliwa. Kule kwenye bajeti mpya nimeona mstari wa pikseli, Mama Mhazini bado anaufuatilia.

Tangu asubuhi simu yangu haipumui. Kuna anayetaka Facebook yake ya zamani irudi. Kuna watu, siwataji, wanataka niwaingilie simu za wenza wao, na wawili kati ya hao ni mke na mume, kila mmoja kaniomba nisimwambie mwenzake. Kuna mhitimu kaniuliza kama deni lake la mkopo wa chuo naweza "kuligusa kidogo tu". Jamani. Mimi nabonyeza vitufe ovyo.

Na muda si mrefu uliopita kaniandikia mwenyekiti mwenyewe. Mtu mzima, ana ofisi yake mjini, meza kubwa na watu chini yake. Kaniandikia hivi: "Mwanangu, ile ya kijani. Mtu akipita nyuma yako anaona kama unafanya kazi, siyo? Nitumie, kesho Jumatatu."

Nimemjibu shikamoo, mjomba, kiungo hiki hapa, kifungue asubuhi ukishakaa mezani. Nimemtumia Zombo. Habari za sauti sijamgusia.