Msaada kwa jamaa za wafungwa wa siasa: kusajiliwa au kubaki hivi hivi?

Vijana wakikamatwa kwenye maandamano hapa Mombasa, mchango huanza kuzunguka kwenye simu kabla hata hawajafikishwa kortini. Hakuna ofisi wala mshahara. Ni majirani, wakili mmoja wawili wasiodai ada, na kina mama wanaopeana zamu za kwenda gereza la Shimo la Tewa, karibu na Mtwapa. Sasa wako wanaosema mtindo huo umepitwa na wakati: kundi la namna hii lisajiliwe, liwe na akaunti ya benki na mkaguzi wa hesabu. Sheria ya kufanya hivyo ipo, ile ya mashirika ya manufaa ya umma iliyopitishwa 2013 ikakaa kabatini hadi Mei 2024 ilipoanza kutumika.

Wanaopinga wana sababu. Aprili 2015, baada ya shambulizi la Chuo Kikuu cha Garissa, serikali iliyatia MUHURI na HAKI Africa, yote mashirika ya haki za binadamu ya hapa hapa Mombasa, kwenye orodha ya wanaoshukiwa kuhusika na ugaidi, na akaunti zao zikafungwa. Mahakama Kuu ya Mombasa iliyasafisha mwaka huo huo, lakini kesi hailishi mtu wakati inaendelea. Asiye na akaunti hana cha kufungiwa. Kina mama waliogoma kula Uhuru Park, Nairobi, mwaka 1992, wakidai wana wao watolewe jela, hawakuwa na cheti cha usajili. Walipigwa virungu, wakahamia kanisa la All Saints, na wengi wa waliopiganiwa wakaja kuachiliwa.

Lakini dhamana ndiyo kazi ngumu, na hapo mtindo wa kienyeji hukwama. Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka masharti yawe ya kadiri. Korti ikitaka mdhamini mwenye hati ya ardhi, Pwani huwa ni mtihani: watu wamezaliwa na kuzikana kwenye mashamba wasiyo na karatasi nayo, wanaitwa maskwota kwao wenyewe. Basi hulipwa taslimu. Kesi ikiisha, fedha hurudishwa kwa yule ambaye jina lake limo kwenye risiti. Jina likiwa la binamu wa mshtakiwa, kundi litaambulia salamu. Michango huyeyuka hivyo, wala si lazima awepo mwizi.

Kwangu mimi, hizi ni kazi mbili na zisifungwe kamba moja. Unga, sabuni ya mahabusu na nauli ya matatu ya Mtwapa vibaki mikononi mwa majirani, nje ya benki kabisa. Mfuko wa dhamana ndio usajiliwe, uwe na watu watatu wa kutia sahihi, na kila risiti iandikwe kwa jina la mfuko. Ukifungiwa kesho, watoto bado watakula. Wafadhili hawataupenda mpango huu, maana wao hutaka kila shilingi ionekane kwenye karatasi moja. Basi wauchangie mfuko wa dhamana peke yake. Huko stakabadhi zitakuwepo.