Dola 120 kwa Plei inayochezwa kichwa chini

Jumamosi iliyopita nilishuka soko la Kenya (Kenya yetu ya hapa Lubumbashi, wa Nairobi mtulie) kutafuta waya wa televisheni. Waya tu. Ndipo nikaiona juu ya meza ya kijana anayeuza rimoti, chaja na redio za salaula (mitumba): PlayStation ya kwanza, mashine ya michezo ya video tunayoiita Plei, ile ya kijivu, sasa imegeuka njano kama meno ya mvuta tumbaku. Sanduku hakuna. Kifuniko kimeshikwa na selotepu. Maneti, kidude cha kuchezea, ni moja, na waya wake umekatika ukaungwa, ukakatika tena ukaungwa tena. Nikauliza bei kwa mazoea, kama mtu anavyouliza bei ya nyanya na nyumbani hakuna anayepika.

"Dola mia na makumi mbili, mukubwa."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Kadogo, hii inawaka?"

"Inawaka vizuri. Ila CD inasoma ukiigeuza."

Ukiigeuza! Mnaojua mnajua. Reli ya plastiki inayobeba jicho la kusomea CD imelika, jicho limelegea, basi unaipindua mashine tumbo juu ili jicho liangukie mahali pake. Nusu ya Plei za utoto wangu zilichezwa hivyo, zimelala chali kama kobe aliyepinduliwa na watoto wabaya. Sikatai, ilikuwa dawa. Lakini tangu lini ugonjwa unapandisha bei?

"Sasa mia na makumi mbili ni ya nini?"

"Ni retro, mukubwa." Akatoa simu, akasugua kioo kwa kidole gumba, akanielekezea. eBay, lile soko la intaneti. Plei ya kijivu kama hiyo, ila safi, imo ndani ya sanduku lake na kitabu chake, maneti mbili, muuzaji yuko Ujerumani. Kijana akaniangalia kama wakili aliyekwisha kutoa ushahidi wake na sasa anangoja hakimu atangaze.

Nimekuwa na hasira tangu siku hiyo, na hapa ndipo ninapozitapikia.

Kwanza, kwa haraka: bei aliyonionyesha ni bei ya kuomba, na kuomba si kuuza. Mimi pia naweza kuingia pale leo usiku nikaweka sufuria ya bukari (ugali wetu) ya marehemu nyanya kwa dola milioni moja. eBay ina mahali pa kuchuja ili uone vitu vilivyouzwa kweli na pesa iliyolipwa. Bonyeza pale, ndoto nyingi zinayeyuka. Wachuuzi wetu hawabonyezi pale. Wanaangalia bei ya juu kuliko zote, wanafumba macho wasione sanduku, wanaibandika kwenye takataka.

Pili, hii mashine si adimu! Sony iliuza zaidi ya milioni 100 za ile ya kwanza, na ya pili ikapita milioni 150. Ukitupa jiwe mjini hapa litaangukia paa la nyumba yenye Plei 2 iliyokufa chini ya kitanda.

Lakini kijana hakuanzisha ugonjwa huu. Ameambukizwa tu, na ninajua waliomwambukiza. Mwaka 2020 dunia ilijifungia ndani na korona. Watu wa Marekani na Ulaya waliokuwa watoto miaka ya 80 na 90 wakajikuta nyumbani, wana mishahara, wana intaneti, wana kiu ya utotoni. Bei zikaruka. Nyuma yao wakaja wengine, hawa wasio na kiu ya kucheza hata kidogo, wana pua tu ya kunusa pesa. Julai 2021 mnada wa Heritage kule Marekani uliuza kaseti ya The Legend of Zelda, mchezo wa Nintendo, ambayo haijawahi kufunguliwa kwa dola 870,000. Siku mbili baadaye ukauza Super Mario 64, nayo haijafunguliwa, kwa dola milioni 1.56. Soma tena. Milioni moja na nusu, kwa mchezo uliouzwa karibu nakala milioni 12! Haujapotea, haujasahaulika, hakuna asiyeujua. Kilicholipiwa pale ni nailoni iliyoufunika, na alama ya 9.8 kati ya 10 iliyoandikwa juu ya boksi la plastiki ngumu na watu ambao kazi yao ni kutazama nailoni.

Na sasa mniruhusu nifurahie kidogo. Ile Zelda ya 1987 ndani yake ina betri, kidonge kidogo kama cha saa, kinachotunza mahali ulipofika. Kile kidonge kimekuwa kikizeeka gizani tangu mwaka ule. Aliyelipa 870,000 hawezi kujua kama kingali hai, kwa sababu ili ajue lazima afungue, na akifungua ameunguza pesa. Kanunua mchezo asioweza kuucheza, wala kuujaribu, wala hata kuugusa. Hapa kwetu mtu akinunua mbuzi asiyeruhusiwa kumchinja wala kumkamua wala kumfungulia kamba, tunamwita jina moja tu.

Sasa niwarudishe Katuba, mtaa wetu hapa Lubumbashi.

Mimi sikuwahi kuwa na sanduku. Sikuwahi kuona sanduku! Mashine yetu ya kwanza nyumbani ilikuwa Polystation, ile ya Kichina iliyojidai Plei kwa nje. Ulifungua kifuniko cha CD kwa heshima zote, ukakuta tundu la kaseti. Kaseti iliandikwa michezo 9999999. Mdogo wangu alianza kuhesabu siku ya kwanza. Baada ya vifaru, Contra, Mario na ndugu zao wachache, ilikuwa ni ileile inarudi na majina mengine. Alilia. Kesho yake tukacheza vifaru mpaka giza.

Plei ya kweli tuliifuata kwa yaya (kaka mkubwa) mmoja wa mtaa wa pili aliyegeuza sebule ya mama yake kuwa ukumbi. Franka 50 kwa mechi, ukifungwa unasimama, na ukibishana unasimama pia. Mashine yenyewe ililala kichwa chini, kipande cha tofali juu yake. CD zote zilikuwa nakala, zimeandikwa kwa kalamu ya marka, tumbo lake la fedha au la bluu. Nilikuwa na umri wa miaka kama kumi na tano nilipoona CD halisi ya Plei kwa mara ya kwanza. Tumbo lake ni jeusi, kama mnavyojua. Nikamwambia mwenyewe kwa huruma: "Pole, hii yako imeungua."

Ndiyo elimu yetu hiyo. Halisi ilitupita hatukuitambua.

Na hapo ndipo bei hizi zinaponichoma, kuliko ile mia na makumi mbili. Vitu vilivyotulea sisi, kwenye vipimo vya hao wenye alama za 9.8, ni sifuri. Nakala, sifuri. Mashine iliyofunguliwa ikawekwa chipu ili isome nakala, sifuri, imeharibiwa. Polystation, kicheko. Maneti iliyoandikwa jina la mwenyewe kwa msumari wa moto, sifuri na ushee. Wanathamini kitu kwa kadiri kisivyoguswa na mtoto. Sisi kila tulichonacho kimeguswa na watoto arobaini wa avenyu nzima. Kwa hiyo kwa kipimo chao hatuna kitu, sawa, nakubali, wabaki na nailoni yao. Ila basi mtuachie bei zetu! Haiwezekani vitu vyetu vihesabiwe takataka na tulipishwe kama hazina. Yule kijana amechukua bei ya kitu kisichoguswa akaibandika kwenye kitu kilichoguswa mpaka kikalika reli.

Na matokeo yake nayaona. Anayelipa hiyo pesa si mtoto wa Katuba. Ni mtu wa ofisini anayetaka pambo la kabati, au jamaa anayekusanya kupeleka nje. Kwa mtoto, mashine ya zamani ndiyo ilikuwa ngazi ya chini, ile ambayo hata mwana wa muuza makaa aliweza kuipanda. Mpya iko juu mawinguni, ya zamani sasa imepaa pia. Simu aliyonionyeshea kijana ina kobalti kwenye betri, na sisi watu wa Katanga hatuhitaji kufundishwa kobalti inatoka wapi, lakini hiyo ni hasira ya siku nyingine.

Najua mtaniambia: pakua emuleta, programu inayoigiza mashine ya zamani, cheza kwenye simu, bure. Ninayo. Nimecheza Contra ndani ya teksi, dereva akinitazama kwenye kioo. Ni sawa. Na tena nitakubali, kwa shingo upande, kwamba bila hao wanaonakili na kuhifadhi kinyume cha sheria tungekuwa tumepoteza mengi, maana kampuni zenyewe hazina habari. Utafiti wa 2023 wa Video Game History Foundation ulikuta asilimia 87 ya michezo ya zamani iliyotolewa Marekani haipatikani tena madukani. Nintendo ilifunga duka la intaneti la mashine zake za 3DS na Wii U Machi mwaka huohuo. Kwa hiyo pakueni, mimi si polisi. Lakini kwenye simu hakuna anayefungwa akasimama.

Na nitakubali jingine, halafu basi: kijana naye anakula kwa meza ile. Analipa kodi ya meza, analipa wale wanaopita kudai kodi ya kodi. Akikuta Ujerumani kuna mpumbavu, kwa nini asimtafute na hapa? Tena tangu 2021 ule wazimu wa minadani umepoa. Habari ya kupanda ilifika hadi soko la Kenya. Ya kushuka sijui imekwama mpakani Kasumbalesa, inangoja kupigwa mhuri.

Basi tukabishana. Nikampa dola 20, akacheka yeye sasa. Nikapanda mpaka 25, kwa aibu, kwa sababu kweli niliitaka, msinielewe vibaya. Nilikuwa nimekwisha kuitafutia mahali karibu na televisheni na tofali lake. Yangu ya mwisho iliungua siku umeme uliporudi na nguvu za kisirani, ikatoa harufu kama ya nywele. Akashuka mpaka 100 akagoma. Nikanunua maneti ya Plei 2 kwa dola 5 ili nisiondoke mikono mitupu, na nikadai matabishi yangu, yaani nyongeza.

Akaingiza mkono chini ya meza, kwenye katoni lililojaa waya zilizokatwa na rimoti zisizo na tumbo, akanirushia memori kadi, kile kidude cha kutunzia data za mchezo. Nyeusi, ya MB 8, imepakwa alama ya M kwa rangi nyekundu ya kucha.

"Chukua, mukubwa. Hiyo haina bei, hakuna anayeuliza."

Waya wa televisheni nilisahau.

Usiku nikaiweka kwenye Plei 2 yangu. Ilikuwa na data ya PES 2011, mchezo wa mpira wa miguu, na mimi nina PES 2011, nakala safi ya marka. Nikafungua orodha ya timu. Timu moja ya Uingereza iliyokuwa ikinichosha tangu zamani haikuwepo. Mahali pake palikuwa na TP Mazembe, timu yetu ya Lubumbashi.

Mtoto fulani, na lazima alikuwa mtoto, kwa sababu mtu mzima ana kazi, alikaa akaandika wachezaji mmoja mmoja kwa maneti, herufi moja kwa wakati, unasogeza, unabonyeza, unasogeza. Jezi nyeusi na nyeupe. Kidiaba golini, nywele zimesukwa kadiri PES ilivyoruhusu. Kabangu na Kaluyituka, waliowafunga Internacional ya Brazili mbili kule Abu Dhabi tarehe 14 Desemba 2010, na timu ya Afrika ikaingia fainali ya dunia ya vilabu kwa mara ya kwanza. Sunzu. Kasusula, limeandikwa kwa Z. Na mbele kabisa, kapteni, Mputu! Mputu hakuwepo Abu Dhabi, FIFA ilikuwa imemfungia. Mtoto huyu alimsamehe, akampa 99 kila mahali, mbio 99, shuti 99, hata kuruka 99.

Kisha nikashuka benchi, na jina la mwisho si la mchezaji yeyote ninayemjua. Jina la utani la mtaani, herufi nne. Umri miaka 15, ndiyo mdogo kuliko wote. Urefu mita mbili kasoro. 99 kila mahali, sawa na Mputu.

Silitaji hapa, kwa sababu mwenyewe sasa ni mtu mzima na pengine ana mke na wafanyakazi. Ila kama unasoma hapa na uliwahi kuipaka memori kadi yako rangi ya kucha ya dada yako: ipo kwangu, haijafutwa kitu. Juzi nilikutoa benchi dakika ya 60 dhidi ya Inter ya Italia, tukiwa nyuma moja. Ulifunga mawili.