Mgonjwa wa kiharusi asinyimwe kazi

Nyumba nyingi ninazoingia kumwona mgonjwa wa kiharusi, hali huwa moja. Baba amelazwa chali, mito kila upande. Binti anamlisha kwa kijiko, mjukuu anamkanda mguu kwa maji ya moto, na jioni anakuja mzee wa kuchua na chupa yake ya mafuta. Ndugu wanapokezana zamu usiku na mchana. Ukiwauliza, watakuambia kwa moyo mweupe kwamba mgonjwa anafanyishwa mazoezi kila siku. Ila kutoka asubuhi hadi usiku, baba mwenyewe hajafanya chochote. Amefanyiwa.

Hapo ndipo ninapotofautiana na familia nyingi, na hata na baadhi ya wenzangu katika kazi hii ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi. Kukanda kunampa mgonjwa faraja, na kumnyoosha viungo kunasaidia visikakamae, kwa hiyo sisemi viachwe. Lakini mkono uliopooza hauwezi kurudi kazini kwa kushikwashikwa na mtu mwingine. Kiharusi kimeharibu sehemu ya ubongo iliyokuwa ikiuamuru mkono ule. Misuli yenyewe haikupigwa. Sehemu za ubongo zilizosalia zina uwezo wa kujipanga upya na kubeba baadhi ya kazi iliyopotea, na zinajipanga kwa kutumika. Mgonjwa ajaribu kufungua vidole, ashindwe, ajaribu tena, vifunguke nusu, ajaribu tena. Kule kujikaza kwake ndiko tiba.

Mtafiti wa Marekani, Edward Taub, aliliona jambo hili kwanza kwa nyani waliokatwa mishipa ya hisia ya mkono mmoja. Mnyama aliuacha mkono ule ukaning'inia, akafanya kila kitu kwa ule mzima. Ule mzima ulipofungwa, akaanza kuutumia uliokuwa umetelekezwa. Kumbe ulikuwa na uwezo, ila mnyama alikwisha zoea kuishi bila huo. Kutokana na kazi hiyo ikatengenezwa njia ya kuwatibu watu, na mwaka 2006 yakatolewa matokeo ya jaribio la wagonjwa 222 nchini Marekani, waliokuwa na miezi 3 hadi 9 tangu wapatwe na kiharusi. Mkono wao mzima ulivishwa glovu nene kwa wiki mbili, karibu muda wote waliokuwa macho, huku ule dhaifu ukifanyishwa kazi kwa saa nyingi kila siku ya mafunzo. Walipata nafuu kubwa kuliko wenzao waliopewa huduma ya kawaida, na mwaka mmoja baadaye nafuu hiyo bado ilikuwepo. Njia hii haimfai kila mtu, kwa kuwa waliochukuliwa ni wale ambao kifundo cha mkono na vidole vilikuwa bado vinaweza kunyanyuka kidogo. Ila kila nikimwona mama amekaa, mkono wake dhaifu mapajani, wa kulia ukifanya yote, huku wifi yake akimmalizia hata lile dogo lililobaki, nawakumbuka wale nyani.

Sasa tuje kwenye idadi, maana hapa ndipo tunapojidanganya zaidi. Mwaka 2009 watafiti wa Amerika Kaskazini walikaa wakihesabu kinachofanyika kwenye vipindi vya tiba ya kiharusi. Katika vile vipindi ambamo mkono ulifanyishwa kazi yenye maana, kama kushika na kusogeza kitu, wastani ulikuwa mara 32 kwa kipindi. Wanyama wa maabara, ambao kwao tulijifunza kwamba ubongo unajipanga upya, wanafanya mamia kwa siku. Na hao wa mara 32 ni wagonjwa wenye vifaa na wataalamu karibu. Wa kwetu anakuja kliniki mara moja kwa wiki, akipatikana wa kumsindikiza na nauli ya bajaji. Mara 32 kwa wiki hazitamfikisha popote. Zilizobaki zote lazima zitoke nyumbani, tena kwa hesabu. Bahasha ya vidonge huandikwa 1x3 na hakuna anayebishana nayo. Zoezi nalo liandikwe vivyo hivyo, lipi, mara ngapi, na lini liongezwe uzito.

Na liwe zoezi linalofanana na maisha ya mtu huyo. Nimechoka kuona wazee wakipewa kampira ka kuminya, basi. Mzee anayetaka kurudi kuswali na wenzake anahitaji kujifunza kushuka mkekani na kuinuka. Mama anataka kufunga khanga yake mwenyewe na kushika mwiko. Na choo! Hatukisemi vya kutosha. Tunamfundisha mtu kukaa na kusimama kwenye kiti cha hospitali, kisha anarudi kwenye choo cha kuchutama, na kuanzia siku hiyo anabebwa na watoto wake. Heshima ya mtu mzima inaishia hapo.

Zoezi la kusimama kutoka kwenye kiti halihitaji mashine. Tafuta kiti imara, kiegemee ukuta, kikalio chake kinyanyuliwe kwa godoro dogo lililokunjwa. Miguu yote miwili ikanyage chini, visigino virudi nyuma kidogo ya magoti. Mgonjwa ainame mbele mpaka pua ivuke vidole vya miguu, kisha ainuke, na akishuka ashuke polepole. Msaidizi asimame upande ule dhaifu, mikono tayari, lakini asimwinue mapema. Kusubiri huko ndiko kugumu kwa ndugu. Wanaona anatetemeka, huruma inawashika, wanamnyanyua. Akishaweza vizuri, godoro linapunguzwa unene, baadaye linaondolewa. Kwa mwenye nguvu za kutosha, tunaendelea kushuka hadi kwenye kigoda, tukikaribia kule kuchutama.

Sisemi mgonjwa asukumwe bila mipaka. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2015, lenye wagonjwa 2,104 kutoka nchi tano, lilipima kuwatoa watu kitandani ndani ya saa 24 za kwanza, mara nyingi na kwa nguvu. Baada ya miezi mitatu, waliopona vizuri walikuwa wachache kuliko wale wa huduma ya kawaida. Na hao wa huduma ya kawaida nao hawakuachwa wamelala. Waliamshwa mapema, ila kwa kiasi. Siku za mwanzo kabisa, basi, vipindi viwe vifupi, na daktari awe ameridhika na shinikizo la damu. Jambo jingine ni bega. Msimvute mgonjwa kwa mkono uliopooza, wala msimnyanyue kwa kwapa. Misuli inayoshikilia kiungo imelegea, bega linateguka kidogo kidogo, na maumivu yake yanamfanya akatae mazoezi yote. Mshikeni kiunoni.

Wapo watakaonijibu kwa utafiti wa India wa mwaka 2017. Wagonjwa 1,250 walishiriki, na ndugu wa nusu yao walifundishwa kuwafanyisha mazoezi nyumbani; baada ya miezi sita hapakuwa na tofauti kati yao na wengine. Matokeo hayo yaliniuma, lakini nayachukulia kwa uzito. Kwangu yanaonyesha kwamba kumfundisha shangazi mazoezi na kumwachia mzigo hakutoshi. Zoezi la wiki ya kwanza likibaki lilelile mwezi wa tatu, halimjengi mtu. Lazima awepo mtaalamu anayerudi, anayepima, anayesema leo ongeza, hili acha.

Na hao wataalamu ni wachache mno. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati, wataalamu wote wa utengamao, tukiwemo sisi, hawafiki 10 kwa kila watu milioni moja. Hospitali ya KCMC kule Moshi wamefundisha fiziotherapia kwa miongo, vijana wapo, wengine wanatafuta ajira. Waajiriwe hospitali za wilaya na vituo vya afya, wapewe na siku ya kutembelea majumbani. Mgonjwa wa kijijini ambaye hawezi kusimama hatapanda magari mawili kuja kufundishwa kusimama.

Kabla hilo halijafanyika, familia isiondoke wodini siku ya ruhusa na karatasi ya dawa peke yake. Ombeni mazoezi yaandikwe kwa Kiswahili, idadi ikiwa kwenye kila mstari. Mmoja wenu ayafanye mbele ya mtaalamu mpaka aseme sawa. Ulizeni dalili zipi zikitokea msimamishe. Elezeni choo chenu kikoje, ngazi ziko wapi, kitanda kina urefu gani. Kisha chukueni tarehe ya kurudi na namba ya simu ya kumpata mtaalamu mazoezi yatakapokuwa mepesi.