Chipu feki: draiva iibebe au iikatae?

Wiki iliyopita mwanafunzi mmoja alinifuata kibandani Majengo na bodi ya kupimia unyevu wa udongo, ya mradi wake wa mizabibu kule Hombolo. "Kaka, hii imekufa?" Haikuwa imekufa. Kwenye Windows yake ilileta alama ya njano na kosa namba 10. Nilipoichomeka kwenye Linux yangu ikaanza kumwaga vipimo papo hapo. Chipu yake ya USB ilikuwa feki, imepachikwa namba za kampuni isiyoitengeneza, na draiva ya kampuni hiyo, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na kifaa, ikaikataa.

Draiva ilifanya haki? Kila kifaa cha USB hubeba namba mbili, ya mtengenezaji na ya bidhaa, na mfumo endeshi (Windows, Linux na kadhalika) huchagua draiva kwa hizo. Anayeazima namba za mwenzake anamtupia na lawama: kifaa kikizingua, mteja anampigia simu mwenye jina.

Mzigo mwingine wanaubeba waandishi wa draiva. Chukua vidude vya blututhi vinavyojifanya chipu za CSR, kampuni ya chipu za blututhi. Vinadai kuzijua amri ambazo vikipewa vinakwama. Mwaka 2020 Linux iliongezewa msimbo wa kuvinusa: inalinganisha namba za toleo ambazo kidude kinajitajia, kikigundulika kinanyimwa baadhi ya amri, tena kinalazwa usingizi mara moja ndipo kiamke vizuri. Kwangu mimi hiyo ni hirizi zaidi ya uhandisi, ila inafanya kazi. Shida ni kwamba msimbo wa namna hii ukishaingia hautoki, maana hakuna anayejua ni nani bado anautegemea. Na mtego ukitegwa kwa upana, hata cha halali kinanasa.

Uongo ukivumiliwa muda mrefu unageuka desturi. BIOS za laptopu nyingi, yaani programu ya ndani inayoiwasha mashine, huuliza zinaendeshwa na mfumo gani, na Linux hujibu kwamba ni Windows. Watengenezaji wengi walijaribu njia ya Windows tu, kwa hiyo ukijibu ukweli unaweza kupelekwa kwenye msimbo usiowahi kujaribiwa.

Hata hivyo, kukataa nako kumeshafanyiwa majaribio. Oktoba 2014 draiva mpya ya FTDI, kampuni ya chipu za USB, iliyosambazwa kupitia masasisho ya Windows, ilizifuta chipu za kuiga namba ya bidhaa na kuandika sifuri, hata Windows yenyewe isizitambue tena. Waliolala na kifaa kizima wakaamka nacho mfu, bila kujua wamekosa nini. Kelele zilikuwa kubwa, sasisho likaondolewa. Linux ikaongeza namba ile ya sifuri kwenye orodha yake ili vilivyouawa vifufuke. Mwaka 2016 kampuni ikaja na mtindo mwingine: chipu ya kuiga ikawa inapitisha maneno ya kusema kifaa si halisi badala ya data. Hebu fikiria maneno hayo yakiingia kwenye mashine inayosubiri vipimo.

Hapo ndipo nilipo upande wa kuvumilia. Bidhaa bandia hapa Tanzania zina Tume ya Ushindani na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Draiva haikupewa rungu hilo, na ikilishika inampiga mnunuzi, mtu pekee kwenye mnyororo mzima asiyekuwa na namna ya kuijua chipu kabla ya kulipa. Kampuni kukataa kuihudumia chipu isiyo yake, sawa, ni mali yake. Kuiharibu ni jambo jingine kabisa. Ninachodai kwa wanaovumilia ni wasivumilie kimyakimya. Linux ikikinasa kidude cha CSR feki huandika kwenye kumbukumbu zake kwamba ni cha kuiga. Vizuri, ila ni nani huzifungua kumbukumbu hizo zaidi yetu mafundi? Onyo lingetokea kwenye skrini, mteja angekirudisha kidude dukani siku hiyohiyo.

Yule kijana nilimwekea Linux kwenye flashi, akaondoka anasoma unyevu wake. Bodi ya pili nilimwambia aulizie yenye chipu ya USB iitwayo CH340. Nayo ni ya bei ya chini, lakini inajiita kwa jina lake.