Daktari akigoma, nesi ndiye hutukanwa

Desemba 5, 2016, madaktari wa hospitali za umma nchini Kenya waliacha kazi, wasirudi hadi Machi 14, 2017. Siku 100. Wauguzi nao walitoka siku hiyohiyo, ila wao walirejea kabla ya Krismasi baada ya kuahidiwa marupurupu.

Walirejea kwenye hospitali zisizo na daktari. Muuguzi huzalisha, hutundika dripu, hufunga vidonda. Kupasua hawezi. Mama akikwama leba usiku, kazi ya nesi inageuka kuwa kutafuta gari na kuwaeleza jamaa kwamba waende hospitali ya misheni au ya kibinafsi, na pesa hawana. Matusi humwangukia yeye kwa kuwa ndiye anayeonekana. Akithubutu kufanya yanayopita leseni yake, mambo yakiharibika atajibu peke yake.

Hata hivyo, mgomo haumlemei kila nesi. Watu wakisikia madaktari hawapo hubaki nyumbani, na wodi za upasuaji huwa na vitanda vitupu. Tena kuna haki ya kusema kwamba madaktari hupigania hata visivyo vyao: glavu zikiisha, zinawaishia wote.

Sikubaliani, lakini, na wanaosema chuki ya nesi kwa daktari mgomaji ni wivu mtupu. Ni hesabu. Waliovumilia siku 100 walipata mkataba. Waliorudi mapema walibaki na ahadi. Juni 5, 2017 wauguzi wakagoma wao, wakakaa nje hadi Novemba. Safari hii madaktari walikuwapo kazini, na wodi nyingi zikafungwa vilevile, maana huwezi kumlaza mgonjwa asiye na wa kumwangalia usiku. Sijui kama kuna hoja nzuri zaidi ya kuonyesha uzito wa nesi, ingawa wagonjwa ndio walioilipia.

Kisha 2024 madaktari wakagoma tena, siku 56. Ubishi mkubwa ulikuwa malipo ya madaktari wanagenzi, yaani walio bado kwenye mafunzo ya kazi hospitalini: mkataba wa 2017 ulitaja zaidi ya shilingi 206,000 kwa mwezi, serikali ikashikilia 70,000. Kisheria madaktari walikuwa na hoja, mkataba ni mkataba. Lakini kwa muuguzi mzoefu asiyeikaribia hiyo 206,000, aliyewahi kumwelekeza mwanagenzi huyo jinsi ya kupata mshipa wa mtoto, kumwomba aunge mkono mgomo ni kumwomba mengi, hasa zamu yake ikianza saa moja jioni na daktari hayupo.