“Ni i7 Hii, Bosi!”

Hivi nani aliwadanganya wauza kompyuta kwamba “i7”, jina la prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel, ni jibu la kila swali? Unasema unataka laptopu ya kazi, unauliza prosesa yake ni ya jenereshoni (toleo) ya ngapi, unajibiwa, “Ni i7 hii, bosi!” Sawa, lakini Core i7 zipo sokoni tangu 2008! i5 ya juzijuzi inaiacha i7 ya kale ikitafuta pumzi.

Unauliza RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kuendeshea programu, unaambiwa “GB 500.” Jamani! Hiyo ni hifadhi. Tena mara nyingi ni diski ya kuzunguka, ile inayokunakuna kama panya darini huku wewe umekodolea macho skrini, faili moja la kazi halifunguki. SSD je, ile hifadhi ya kasi isiyozunguka? “Hata hii ina spidi.” Loo!

Ukikimbilia mpya, zile nyembamba za kupendeza, nyingi RAM yake imechomelewa kwenye ubao. Ukichukua ya GB 8 ndiyo basi, hakuna kuongeza. Fungua mkutano wa video, majedwali na kivinjari chenye tabo zako zote uone feni inavyolia. Na matundu? Mawili ya USB-C, yale madogo. Flashi niichomeke wapi, puani?

Wengine bado wanajisifia “ina Windows 10 orijino.” Microsoft waliacha kuihudumia 14 Oktoba 2025, na prosesa za Intel zilizo chini ya jenereshoni ya 8, karibu zote, hazimo kwenye orodha ya zinazokubaliwa na Windows 11. Hilo hawalisemi ng’o.

Na betri inakaa saa ngapi? “Inategemea matumizi.” Matumizi gani tena, si nimesema ni ya kazi?